Idara ya Kifaransa, Mlango wa Pili Kabla ya Choo

Kampuni ya mawakili ninayofanyia kazi Lilongwe ina kijitabu. Kina jalada la kung'aa, kurasa nane, na picha ya bosi ameshika kalamu kama anataka kutia saini mkataba mkubwa. Kalamu ile haina wino. Naijua, niliitupa mwenyewe wiki ile ile ya picha. Kijitabu kinasema kampuni ilizaliwa kwa maono. Kinasema ni kampuni huru ya sheria za biashara, haijamezwa na kampuni kubwa yoyote, na sifa zake zimevuka mipaka. Nusu ya kwanza ni Kiingereza. Nusu ya pili ni Kifaransa, na hiyo ya Kifaransa niliiandika mimi, nimekaa juu ya katoni ya karatasi, mtoto ananyonya.

Kwa hiyo historia ya kampuni hii naijua. Nimeitafsiri neno kwa neno, na hasira bado ninayo.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nikitoka Rumonge, Burundi, na mimba ya miezi sita na cheti cha sekondari nimekishonea ndani ya sketi. Aliyenipa mimba alipitiliza kwenda Afrika Kusini kututafutia njia. Bado anaitafuta. Dzaleka zamani ilikuwa gereza, na sisi wa mwanzo tulipangwa humo humo kwenye majengo ya wafungwa. Binti yangu alizaliwa hapo. Mtu akiniuliza alizaliwa wapi, nasema gerezani, halafu nanyamaza, naacha aone haya yeye.

Kazi niliipata siku akina mama wa kanisa moja la mjini walipokuja kambini na mifuko ya nguo. Mmoja wao alikuwa sekretari wa hao mawakili, mama wa Kimalawi mwenye miwani na mguu unaomuuma. Akanitazama, akaniuliza kama najua kupangusa sakafu. Nimemaliza kidato cha mwisho, upande wa lugha. Nimesoma hata Kilatini. Nikamwambia najua kupangusa sakafu.

Jirani yangu wa kambini, mama mshonaji kutoka upande wa Fizi ambaye namwita yaya, yaani dada mkubwa, alicheka hadi akaacha cherehani.

"We mudogo yangu, masomo yote ile njo uende kupangusa choo ya mawakili?"

"Yaya, choo ya mawakili iko na maji."

"Aa. Basi enda." Akashika tena kitambaa. "Lakini mutoto usimuachie bantu kule muji. Mutoto wa kuachiwa bantu anakulaka udongo."

Nikaenda naye mgongoni. Jumatatu hadi Alhamisi nililala mtaa wa Biwi kwa mwanamke wa kwetu anayeuza mandazi, ambaye kutwa nzima yuko sokoni. Ijumaa nilirudi kambini, maana ukikosekana siku ya kuhesabiwa, jina lako linafutwa na unga wako unaliwa na mwingine.

Sasa hiyo historia. Mambo ya mwanzo nimeyapata kwa sekretari, ambaye alikuwepo. Bosi alikuwa wakili kijana kwenye kampuni kubwa ya zamani. Siku moja alichoka kubeba mafaili ya wenzake akaondoka kwenda kujitegemea. Ofisi ya kwanza ilikuwa chumba nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kibao kilikuwa cha katoni. Kiti kilikuwa kimoja, kwa hiyo mteja akija, mteja anakaa na wakili anasimama. Watu wakadhani ni heshima, wakasifu sana. Mteja wa kwanza kutoka nje ya nchi alikuwa mfanyabiashara wa Zambia aliyekuja kununua mnyororo wa baiskeli, akakosea mlango. Bosi hakumwachia. Jamaa alitoka pale jioni ana kampuni iliyosajiliwa, na mnyororo alisahau kuununua. Kwenye kijitabu imeandikwa kwamba katika mwaka wa kwanza wateja wa nchi jirani walianza kubisha hodi wenyewe. Si uongo. Alibisha.

Bosi si mtu mbaya. Ana majivuno kama jogoo, lakini anafanya kazi kuliko wote pale, na akisema neno "huru" macho yanamlowa. "Hatujaolewa na mtu," huwa anawaambia wateja. "Kampuni hii haijaolewa na mtu." Mimi nikiwa chini na kitambaa changu, nilikuwa najisemea: hata mimi, bwana, hata mimi.

Mimi naingia kwenye historia hii kupitia tumbaku. Mteja mmoja wa Mponela, mji mdogo wa humu humu nchini, mzee wa kofia pana, alikuwa anauza tumbaku kwa mnunuzi wa Ubelgiji. Mkataba ukaja kwa Kifaransa mtupu. Bosi akaugeuza, akaurudisha ulivyokuwa, akaupeleka kwa mtu fulani aliyesema anajua Kifaransa. Yule mtu alikaa nao muda mrefu, akasema ni mkataba mzuri. Mzee akaitwa kutia saini. Mimi nilikuwa napangusa chini ya meza, mtoto mgongoni, na karatasi ziko pale mbele ya macho yangu, ukurasa wa tatu juu. Sikuweza kujizuia. Mtu aliyesoma, ukimwekea maandishi, anasoma.

"Samahani, abwana," nikasema. Tulikuwa tunaongea Kiingereza changu cha shule na Kichewa changu cha sokoni, hapa nakiweka kwa Kiswahili. "Hapa wanasema tumbaku ikilowana baharini, ni shauri la mzee."

Mzee wa Mponela akainama chini ya meza kunitazama.

"Nani huyu?"

"Mfagizi," bosi akasema.

"Mfagizi wako anasoma, wakili wangu hasomi?"

Mkataba ukarudishwa, kifungu kikabadilishwa, mzee akaleta wenzake wawili wenye tumbaku. Baada ya hapo kila karatasi ya Kifaransa iliyoingia ilishuka kwangu. Zikaja za watu wa malori wa Bujumbura, za mtu wa chai wa Bukavu, na zote za Wabelgiji. Asubuhi napangusa, saa nne nachemsha chai, saa tano naingia stoo ya mafaili na mkataba. Stoo kwa sababu mtoto hakutakiwa kuonekana na wateja. Haina dirisha. Kiti ni katoni, meza ni mapaja yangu, na upande wa pili wa mapaja ni mtoto. Siku moja alitafuna kona ya cheti cha kiwanda cha sukari. Nikakikausha nikakirudisha kwenye faili, na hadi leo hakuna aliyeuliza.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: meza. Sikutaka cheo wala kuitwa madame. Nilitaka mahali pa kuweka karatasi chini ili mtoto asizifikie. Nilimwomba bosi mara nne. Mara ya nne akaniita mama kwa Kichewa, akasema, "Amayi, mezani utapangusaje?" Akacheka. Sikucheka.

Ndipo kikaja kijitabu. Kule Ubelgiji kulikuwa na umoja wa kampuni huru za mawakili, kutoka nchi nyingi, wanaosaidiana kupeana wateja. Yule mnunuzi wa tumbaku aliwaambia kuna watu Lilongwe wanajibu barua kwa Kifaransa kizuri. Wakaandika kuuliza habari. Bosi hakulala kwa furaha. Akamwambia sekretari aandike historia ya kampuni naye akiisema huku anatembea, na mimi niitafsiri. Ndani yake palikuwa na mstari huu: "Tunayo Idara ya Kifaransa yenye uzoefu mkubwa, inayohudumia Maziwa Makuu na Ulaya."

Niliusoma nikiwa juu ya katoni. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa analala ametoa ulimi. Idara.

Nikatafsiri. Sikuongeza, sikupunguza, kwa sababu mi nilifundishwa kazi hii vizuri. Na kwetu Burundi karatasi iliyotafsiriwa haiishi hivi hivi. Tangu shule, tangu ofisi ya komini, tangu cheti cha ubatizo, mwisho lazima uweke mistari ya kuthibitisha: tafsiri hii inalingana na ya asili, aliyetafsiri ni nani, kazi yake ni gani, anapatikana wapi. Bila mistari hiyo karatasi ni ya kufungia karanga. Kwa hiyo niliweka jina langu. Kwenye kazi nikaandika: mtafsiri, mfagizi na mchemsha chai. Kwenye mahali nikaandika: Idara ya Kifaransa, stoo ya mafaili, mlango wa pili kabla ya choo, Jumatatu hadi Alhamisi. Na kwa vile nilikuwa nathibitisha, na anayethibitisha hatakiwi kuficha kitu, nikamalizia: akisaidiwa na binti yake wa miezi tisa.

Wengine wanasema nilifanya makusudi. Nusu.

Sekretari hajui Kifaransa. Alichapa alichokiona, na mwisho ulipofika alidhani ni anwani. Bosi alipoletewa vijitabu kutoka kwa mpiga chapa, alifungua kwenye picha yake, akaitazama sana, akavifunga. Nakala zikaenda Ubelgiji.

Baada ya muda ikaja faksi: mawakili wawili wanakuja kutuona kabla ya kukubali. Nilipomsomea bosi, alinishika mkono kama ndugu. Kesho yake akaja na uso mwingine.

"Siku ya wageni, mtoto asionekane."

"Sawa, abwana."

"Asisikike. Na ikiwezekana asinuke."

"Anakunywa maziwa tu, abwana."

"Amayi, hawa ni watu wa kimataifa. Elewa. Kimataifa."

"Na mimi na mtoto tumetoka wapi, Mponela?"

Sekretari akaingiza kichwa kwenye droo yake. Bosi hakuona cha kuchekesha. "Wewe uwepo, huenda wakaleta karatasi. Yeye asiwepo. Wakimwona, Jumatatu usirudi. Nitatafuta mfagizi asiye na mzigo."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Mzigo! Halafu katikati ya ngazi nikakumbuka mistari yangu ya mwisho kwenye kijitabu. Nilikuwa nimewaandikia mlango, siku na umri wa mtoto. Ningeweza kurudi kumwambia. Nikamkaza mtoto mgongoni. Kisha nikashuka kwenda Biwi.

Siku yenyewe nilimshibisha binti yangu mpaka akapiga mbweu kama mlevi, nikajifungia naye stoo. Wageni walikuwa mzee mmoja mwenye fimbo na mwanamke wa nywele fupi za mvi, kavaa viatu vya kutembea mbali. Niliwaona kwa ufa wa mlango. Bosi alikuwa amenunua tai. Nikawasikia kwenye chumba cha mikutano wanaongea Kiingereza, bosi anacheka kicheko cha siku za wageni, sekretari anapeleka chai yangu. Mtoto nilimpa kifuniko cha boksi atafune. Hakulia. Sifa zake nazitoa hapa kwa maandishi: hakulia.

Nikasikia viatu kwenye korido. Vinakwenda polepole, vinasimama, vinarudi. Hodi.

Nikafungua. Ningefanya nini? Yule mwanamke alikuwa na kijitabu chetu mkononi, amekunja ukurasa wa mwisho.

"Samahani," akasema kwa Kifaransa. "Hapa ndipo Idara ya Kifaransa?"

"Ndipo, madame."

"Nimehesabu milango."

"Umehesabu vizuri."

Akatazama katoni, mafaili, khanga niliyotandika chini. "Na huyu?"

"Msaidizi. Lakini leo hayupo."

"Hayupo?"

"Bosi amesema leo asiwepo. Kwa hiyo hayupo."

Msaidizi ambaye hayupo alinyoosha mkono akaushika mkufu wa yule mama, akauvuta. Mama wa watu akainama kufuata mkufu wake, na hivyo ndivyo bosi alivyotukuta: wakili wa kimataifa ameinama ndani ya stoo, ameshikwa na mtoto wa kambi. Uso wake sijui niueleze vipi. Tai ilikuwa imehamia upande wa bega.

Yule mama asubuhi yote alikuwa ameongea Kiingereza, sekretari aliniambia baadaye, tena Kiingereza kizuri kuliko cha bosi. Lakini pale mlangoni alikataa kukijua. Alinigeukia akasema kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe:

"Muulize kwa nini idara yake iko stoo."

Nikamuuliza.

"Mwambie ni kwa muda tu," bosi akasema haraka. "Mwambie tunapanua ofisi. Karibuni hivi atapata nafasi inayomstahili."

Hapa naungama. Maisha yangu yote sijawahi kuongeza neno kwenye tafsiri, ila siku hiyo. Na hata siku hiyo niseme nilifafanua. Nafasi inayonistahili naijua mwenyewe.

"Anasema ni kwa muda tu," nikatafsiri. "Kuanzia Jumatatu idara itakuwa na meza yenye droo, karibu na dirisha, na mtoto atakuwa na mkeka wake pembeni."

Yule mama alinitazama. Najua alijua. Akatoa kidaftari, akaandika.

"Droo ngapi?"

Nikamgeukia bosi. "Anauliza, ni mbili?"

Bosi hakujua ni mbili za nini. Jasho lilikuwa limefika kwenye kola. "Ndiyo, ndiyo," akasema, akitabasamu kwa meno yote. "Mbili. Mwambie mbili."

"Mbili, madame."

Akaandika mbili.

Walipoondoka nilingoja kufukuzwa. Bosi alikuja akasimama mbele yangu. Hakuweza kunifukuza, wageni walimuaga kwa kumpa mkono na mimi wakanipa mkono. "Tutaona wanavyojibu," akasema mwishoni. "Wakikataa, wewe na huyo msaidizi wako mtaondoka pamoja." Jumatatu nikarudi juu ya katoni. Meza hakuna. Nikapangusa, nikachemsha, nikatafsiri, na kila faksi ilipolia nilitoa kichwa mlangoni. Kambini jirani yangu aliniuliza kila Ijumaa, "Banasema nini?" na kila Ijumaa nilimwambia bado.

Jibu lilikuja kwa barua, bahasha nene. Bosi aliifungua kwa kisu, akaona Kifaransa, akaniita. Nikaja na mtoto mgongoni, sikumficha tena, ya nini. Sekretari akasogeza kiti karibu.

Nikasoma kimya kwanza, halafu nikamsomea kwa sauti. Wamekubali. Kuanzia sasa kampuni ni mwenzao wa Malawi, watatuletea wateja, jina letu litaingia kwenye orodha yao. Bosi akapiga meza kwa ngumi, akamkumbatia sekretari na mguu wake mbovu.

"Kuna ibara moja bado," nikasema.

"Soma, soma!"

"'Tumefurahi sana kuona uhuru na ukweli wenu. Tunatumaini idara ya Kifaransa sasa ina meza yake karibu na dirisha, yenye droo mbili, na mkeka wa mtoto, kama mlivyotuahidi. Mwenzetu atapenda kuviona safari ijayo.'"

Bosi akaacha kukumbatia.

"Hiyo umeongeza."

"Sijaongeza, abwana."

"Wazungu wa Brussels wataandika habari za droo?"

"Soma mwenyewe."

"Unajua siwezi!" Akanyang'anya barua, akaitazama kwa hasira, kama vile Kifaransa kingeogopa kikabadilika. Akanirudishia. "Haya. Fanya ule mchezo wenu. Thibitisha. Uandike kwamba inalingana, utie saini, na ikijulikana umeongeza, nakushitaki mimi mwenyewe."

Nikakaa. Kwenye kiti cha mteja, mbele yake. Nikaandika: tafsiri hii inalingana na ya asili. Nikaandika jina langu. Nikaandika kazi yangu. Halafu nikainua kalamu.

"Abwana, niandike napatikana wapi?"

Alinitazama mimi, akatazama barua, akatazama mtoto, ambaye alikuwa anavuta nywele zangu na kuimba. Yule mtu ni wakili. Ahadi imetolewa mbele ya shahidi, imeandikwa na upande wa pili, imewekwa sahihi. Niliona anatafuta tundu la kutokea, na najua aliona kwamba halipo. Alitukana kwa Kichewa, tusi zuri ambalo sokoni sijawahi kulisikia, kisha akatoka mlangoni akamwita mlinzi aje wabebe meza.

Ni meza yake ya zamani, ile ya nyuma ya duka la baiskeli. Mguu mmoja mfupi, tukauwekea vijitabu vinne vya historia ya kampuni na sasa haitikisiki. Iko karibu na dirisha. Droo ya kulia inafunguka. Ya kushoto imekwama, na kila Jumatatu namkumbusha kwamba Ubelgiji waliandika mbili.

Ijumaa ile nilimweleza jirani yangu yote, toka hodi mpaka mguu mfupi. Alicheka, akanishonea mkeka wa mtoto kwa mabaki ya vitenge, hakutaka nimpe kitu.

"Kwa hiyo sasa uko na meza."

"Niko na meza, yaya."

"Na choo sasa nani anapangusa?"

"Mi."

Akakata uzi kwa meno. "Basi kwenye karatasi ingine uandike na hiyo."

Nimeandika.